Utepe, Mpambaji Aliyenibana kwa Pini

Kama umewahi kuoa au kuolewa katika mji wetu na picha zako zikatoka vizuri, usimshukuru mpiga picha. Yule anabonyeza tu. Mshukuru mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mpambaji wa harusi. Na ukishamaliza kumshukuru yeye, nishukuru na mimi, kwa sababu kipaji kile ni cha ukoo, na kwa dada yangu hakikutua hata kidogo. Kimeruka kutoka kwangu kikaenda kwake moja kwa moja.

Jina lake la kwenye cheti tumeshalisahau. Wote tunamwita Utepe. Alipokuwa bado hajaanza hata shule, ukiacha kitu kimesimama nyumbani, anakifunga utepe. Birika, mfagio, kuku wa jirani. Siku moja nililala mchana kwenye kochi la dada yangu, nikaamka nikaenda zangu kazini, nikapita sokoni. Nikashangaa nasalimiwa kwa heshima isiyo ya kawaida, watu wanatabasamu, wengine wananipisha njia. Nikajua hatimaye mji umetambua thamani yangu. Kufika kazini ndipo tajiri wangu akaniuliza kwa nini nina waridi la karatasi nyuma ya kila sikio.

Sasa Utepe ni mwanamke mzima, mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuamrisha lori lirudi nyuma. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la kinyozi. Ukifungua mlango, satini inakuangukia. Ukiishinda satini, unakutana na viti vilivyopandana mpaka darini, ngazi iliyokosa kipandio kimoja, na beseni kubwa ambamo maua ya plastiki huogeshwa kila baada ya harusi. Yakishaoga huanikwa kwenye kamba, vichwa chini. Wageni wakipita huuliza bustani ile imekosa nini mpaka ikaadhibiwa vile.

Na pini. Utepe anazishika kwa midomo, safu nzima, na anaongea nazo humo humo. Ukimsikia anaongea polepole, ujue ana pini mdomoni. Akizitema, kimbia. Hubana kila kilicho karibu: pazia kwenye kitambaa, kitambaa kwenye kiti, na kiti kikiwa kina mtu, basi na mtu. Kuna bwana harusi aliinuka kwenda kucheza muziki akaondoka na kitambaa cha kiti, kitambaa kikaondoka na kile cha meza, na keki ikawafuata kama iliyoitwa. Mwenye keki ile alikuwa Mama Keki, mjane anayeoka kwenye chumba cha jirani na cha Utepe, mwanamke mwenye mikono laini na mdomo wa msumeno. Mpaka leo akimwona mtu amekaa kwenye kiti cha harusi, humkagua kwanza mgongoni.

Lakini ujanja hasa wa Utepe si pini. Ni kukalisha watu.

Kabla hajakata kitambaa, huwaita maharusi, huwaweka kwenye viti viwili vitupu, halafu yeye hugeuza ndoo, anakaa juu yake mbele yao, anawaangalia. Haulizi rangi. Haulizi wageni ni wangapi. Anawaangalia tu, kama fundi cherehani anayekupima kwa macho, mpaka mtu anaanza kujikuna mahali pasipowasha. Kwa jinsi walivyokaa, anajua la kufanya. Kulikuwa na bwana mmoja ambaye macho yake hayakubanduka mlangoni. Utepe akamjengea ukuta wa maua mbele ya mlango ule, jamaa asiuone tena mpaka alipokuwa ameshaoa. Leo ana watoto na kitambi, na anasema ilikuwa siku tamu sana. Kulikuwa na wengine wawili, wenye haya, waliokaa mbalimbali mpaka katikati yao pangepita ng'ombe. Utepe akawatafutia kochi kuukuu lililobonyea katikati, akalivika satini nyeupe. Wakakaa, wakateleza, wakagongana mabega, wakacheka. Picha ile ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwao.

Basi maisha yalikuwa yanakwenda hivyo, mpaka Mwenye Ukumbi alipochoka.

Karibu kazi zote za Utepe zilikuwa katika ukumbi mmoja, ule wenye nguzo za kijani. Mwenye ukumbi ule ni mzee mnene, mpole, mwenye uwezo wa kusinzia akiwa wima. Alikuwa amechoka na wapambaji wanaogombania ngazi na kumwachia gundi kwenye nguzo. Akatangaza: mwaka unaokuja ukumbi utakuwa na mpambaji mmoja tu, harusi zote. Anayeitaka kazi aje Jumatano asubuhi na mpango mkakati, na apambe jukwaa mzee aone kwa macho. Wapambaji wadogo walisikia neno "mkakati" wakajitoa. Akabaki Utepe na mwingine mmoja, kijana wa suti zinazong'aa tunayemwita Bwana Moshi, kwa sababu ana mashine ya kutoa moshi na huipeleka kila mahali, hata kwenye kikao cha wazazi shuleni.

Jioni ile Utepe alikuja kwa mama yake, akakaa kwenye kigoda. Mimi nilikuwepo. Mimi huwepo wakati wa chakula.

"Mjomba," akasema, "mpango mkakati ni kitu gani?"

Hapo alikuwa amefika kwa mwenyewe. Mimi kazi yangu ni fundi feni, watu huniita Fundi Upepo, jina la heshima. Wakati mmoja niliitwa kutengeneza feni ya dari mahali palipokuwa na semina ya mkakati wa biashara, na kwa kuwa feni yenyewe ilikuwa juu ya kichwa cha mtoa mada, nilihudhuria semina yote nikiwa kwenye ngazi. Waliokaa chini walisinzia. Mimi ningesinzia ningeanguka. Sasa niambie, nani alielimika?

"Tulia," nikamwambia. "Umepata mtaalamu. Dada, ondoa vyombo."

"Viondoe wewe, ndiye uliyekula," dada yangu akasema.

Tukaanza. Nikasimama mbele ya kabati, nikashika mwiko kama fimbo ya mwalimu.

"Kwanza kabisa tunahitaji dira. Dira ni kule unakotaka kufika. Utepe, unataka kufika wapi?"

"Ukumbini. Jumatano."

"Mbali zaidi, mwanangu! Ona mbali!"

"Jumatano, halafu nirudi na mkataba."

Nikaona hapa kazi ipo. "Sawa, tuingie ndani zaidi. Biashara yoyote ina mambo manne: uwezo, udhaifu, fursa na vitisho. Uwezo wetu tunaujua, ni mimi. Udhaifu wetu ni nini?"

Wote wawili wakaniangalia.

"Nimeuliza udhaifu wa biashara."

"Tumekusikia, kaka," dada yangu akasema. "Na ukifika kwenye vitisho, usijisumbue kuuliza. Jibu ni lile lile."

Mama Keki akaingia wakati huo huo bila kubisha hodi, amebeba keki iliyoinama upande mmoja. Keki zake zikiinama haziuziki, na hizo ndizo tunazokula sisi. Mimi binafsi naomba zisinyooke.

"Mbona umeshika mwiko?" akaniuliza. "Kuna kinachoungua?"

"Ninapanga mkakati."

"Basi kitaungua."

Nikampuuza. Nikaeleza mpango wangu, na msomaji, ungekuwepo ungepiga makofi. Utepe asiwe mpambaji tu. Awe na magari ya maharusi. Awe na suti za kukodisha. Awe na mshereheshaji wake mwenyewe, mwenye sauti nzuri na mwili wa kupendeza, na sikutaja jina, niliweka tu mkono kifuani. Awe na fataki. Awe na njiwa weupe wa kurushwa hewani maharusi wakitoka mlangoni.

"Njiwa weupe utawapata wapi?" Utepe akauliza.

"Tutachukua wa jirani tuwapake poda."

Mama Keki akaweka kisu chini. "Fundi Upepo, wewe unatengeneza nini?"

"Feni. Mji mzima unajua."

"Na pasi je?"

"Pasi? Sigusi pasi. Pasi ni mambo mengine kabisa. Nikianza kushika pasi, watu wataleta na birika na redio, feni zitalala, na mimi ndiye ninayejua feni kuliko..." Nikasita.

"Malizia."

"Kuliko mtu yeyote," nikamalizia, kwa sauti ndogo.

"Basi. Utepe anajua kukalisha watu. Magari, fataki, hao njiwa wako wa poda, zote hizo ni pasi."

Nikaweka mwiko chini bila kubishana, jambo ambalo katika nyumba ile ni tukio. Dada yangu akanigusa paji la uso kama nina homa.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na keki iliyoinama. Nikawaambia kukalisha watu si mkakati, ni mazoea. Mwenye Ukumbi anataka kitu kikubwa, chenye majina. Hapo hapo nikabuni vifurushi vitatu. Kifurushi cha Tausi kwa wenye nazo: mapazia mpaka darini, maua mpaka chooni. Kifurushi cha Kanga kwa watu wa kati, madoa madoa, hiki kidogo kile kidogo. Na Kifurushi cha Kifaranga kwa wale wa kubanabana: ua moja na pongezi za dhati. Mteja anachagua, tunapamba, hakuna cha kukalisha mtu wala kugeuza ndoo.

Nilitegemea Utepe atanikatalia kwa ukali wake wa kawaida. Hakukataa. Alikuwa anazungusha kipande cha utepe kidoleni.

"Mjomba, nikikosa ukumbi ule sina kazi nyingine," akasema. "Nitabaki kupamba mahafali ya chekechea. Wewe ulisikia semina, mimi sikusikia. Tufanye hivyo vya ndege."

Aliongea polepole, na hakuwa na pini mdomoni. Keki ikanikwama kooni kidogo. Kidogo tu. Nikaongeza kipande kingine kuisukuma.

Jumatano tukafika ukumbini, mimi nimevaa koti langu la heshima, Utepe na magunia yake ya satini, na Mama Keki na keki ya kuweka mezani, safari hii iliyonyooka. Dada yangu tulimwacha nyumbani anakanda unga.

Bwana Moshi alitangulia. Nitasema haki ijapokuwa inaniuma: jamaa ana vitu. Alikuwa na taa zinazobadilika rangi, jukwaa linang'aa, na mpango wake uko kwenye skrini, mishale inapanda juu tu, hakuna hata mmoja uliochoka njiani. Mwenye Ukumbi aliamka kabisa. Alikuwa anatikisa kichwa na kusema, "Hii kubwa. Hii kubwa kweli." Nikamwona Utepe anashika gunia lake kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Halafu Bwana Moshi, kwa kuridhika, akawasha mashine.

Moshi ulikuja mzuri mwanzoni, unatambaa chini kama paka. Ukapanda magotini. Ukapanda kiunoni. Bwana Moshi akabonyeza ili upungue, ukaongezeka. Mwisho ukumbi wote ukawa mweupe, na tukawa tunamsikia Mwenye Ukumbi akikohoa mahali fulani akiuliza mlango uko wapi. Akina mama wawili wanaofagia ukumbi walitoka mbio wakipiga kelele za moto. Mmoja akarudi na ndoo ya maji, na kama si Utepe kumdaka mkono, mkakati wa mwenzetu ungezimwa pamoja na mashine yake. Tukafungua madirisha. Moshi ukatoka taratibu. Ulipoisha, Mwenye Ukumbi alikuwa amesimama ameikumbatia nguzo.

"Sawa," akasema huku akijifuta macho. "Imezidi kidogo, lakini ni kubwa. Haya, mwingine."

Nikapanda mimi. Nikafafanua dira. Nikafafanua uwezo. Nilipofika kwenye Tausi, mzee alikuwa ameanza kufumba jicho moja. Kwenye Kanga akafumba la pili. Kwenye Kifaranga akafumbua.

"Huyo Kifaranga anapewa nini?"

"Ua moja, mzee. Na pongezi."

"Ua moja."

"Na pongezi za dhati."

Bwana Moshi akacheka kwa pua. Mwenye Ukumbi hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akamgeukia Utepe, kwa upole, kama mtu anayetaka kukufukuza bila kukuumiza.

"Binti yangu, mwenzako ana moshi, ana taa. Wewe una nini?"

Utepe akaniangalia mimi. Akamwangalia Mama Keki. Mama Keki akainua nyusi tu, basi. Kisha Utepe akavuta pumzi, akatia safu ya pini mdomoni.

"Mzee, hayo ya mjomba wangu yote ni pasi," akasema.

"Ni nini?"

"Yasahau. Mimi nakalisha watu. Sipambi ukumbi, nawapamba wale wawili walivyo. Nipe maharusi nikuonyeshe."

"Jumatano asubuhi nitoe wapi maharusi?"

Utepe akageuka. Nikaliona jicho lile, nikajua, nikaanza kurudi nyuma, lakini nyuma yangu kulikuwa na nguzo.

"Mjomba, kaa hapa. Mama Keki, kaa pale."

"Na huyu?" Mama Keki akasema. "Afadhali unikalishe na mashine ya moshi. Ile angalau ina kitufe cha kuzimia."

"Mimi mwenyewe sijakubali," nikasema. "Mimi ni mtu ninayetafutwa na wanawake. Wakiniona nimekaa na huyu watakata tamaa."

"Kaeni!"

Tukakaa. Utepe akageuza ndoo ya yule mama mfagiaji, akakaa mbele yetu, akatuangalia. Sasa ndipo nikajua wateja wake hupitia nini. Goti likaanza kuniwasha. Nikaanza kueleza jambo, nikasahau ni jambo gani.

"Mzee, njoo uone," Utepe akasema. Mwenye Ukumbi akasogea. "Huyu bwana amekaa kana kwamba viti vyote viwili ni vyake. Miguu ameitupa mbele, anaongea bila kupumzika. Mtu akikaa hivi anaogopa. Ukimpa jukwaa kubwa, ataongea harusi nzima. Huyu atapewa kiti kifupi, chenye kumshika mbavu. Na huyu mama amegeuza uso kabisa, humtoi kwa winchi. Lakini mkoba wake angalia ameuweka wapi."

Nikaangalia. Mkoba wa Mama Keki ulikuwa juu ya mapaja yangu. Na msomaji, niseme tu, nilikuwa nimeushika kwa mikono miwili.

"Nilidhani ni meza!" Mama Keki akasema.

Utepe hakusubiri. Alipanda ngazi, akashuka, akapanda. Jukwaa lile kubwa akalikata kwa pazia jepesi, likawa kama chumba kidogo chenye watu wawili. Viti akavisogeza vikakaribiana, cha Mama Keki akakielekeza dirishani ili mwanga umpige shavuni. Miguu yangu mirefu akaifichia nyuma ya maua. Tao la maua akalishusha chini, likawa linatugusa vichwa, kwa hiyo kila nilipotaka kuinua kidevu nijivune, ua likanigonga puani nikakishusha. Nyuma yetu nilisikia vidole vyake vinakwenda, tiki, tiki, tiki. Sikutilia maanani. Nilikuwa natazama lile shavu. Nililitazama kwa ajili ya mkakati.

Mwenye Ukumbi alikuwa ameegemea mbele, macho wazi kama kijana.

Na hapo ndipo wale akina mama wawili wa ufagio wakachungulia kuona kama moto umezimika. Waliona tao, pazia, keki mezani, mimi na koti, Mama Keki na shavu. Wakapiga vigelegele, vigelegele vya kutoboa bati.

Upande wa pili wa barabara kuna saluni. Wakatoka wanawake wote waliokuwemo, mmoja amesukwa nusu kichwa, mwingine ana povu, wakaja mbio. Nyuma yao wakaja mafundi wa baiskeli. Kisha wenye meza za sokoni. "Fundi Upepo anaoa! Fundi Upepo amepatikana!" Kidogo tu ukumbi ukawa na watu wengi kuliko baadhi ya harusi za kweli nilizowahi kuhudhuria bila kualikwa.

Nikataka kuinuka niwaeleze kwamba haya ni maonyesho ya kibiashara. Nikajinyanyua, nikasikia koti limenivuta. Nikavuta na mimi. Tao zima likainama upande wangu, maua yakatikisika.

Nilikuwa nimebanwa. Koti kwenye kiti, kiti kwenye pazia, pazia kwenye tao.

"Kaa chini!" Mama Keki akaninong'oneza, meno yamefungwa, uso unatabasamu kwa watu. "Ukiangusha tao mtoto anakosa kazi!"

Nikamwona Utepe amesimama pembeni, rangi imemtoka, mikono hewani kama mtu anayezuia ukuta usianguke. Nikakaa. Mimi, ambaye nimekwepa ndoa kwa ustadi mkubwa tangu ujana wangu, nikakaa kimya, nikapokea mikono ya pongezi ya mji mzima. Fundi baiskeli mmoja akanishika bega akasema, "Hatimaye, mzee wangu. Tulishakata tamaa." Mwuza nyanya akanipa mawaidha ya ndoa marefu na yenye maelezo ambayo sitayarudia hapa. Mama Keki alipokea salamu kama malkia, huku kisigino chake kimekaa juu ya kidole changu cha mguu, kwa makusudi.

Kisha umati ukapasuka, akaingia dada yangu, mikono ina unga mpaka viwikoni.

"Kaka! Unaoa bila kuniambia? Tumbo moja!"

"Dada, si harusi, ni mkakati!"

"Na mimi ninakanda unga nyumbani!" akalia, akatukumbatia wote wawili, akatuacha weupe kama wale njiwa wangu.

Watu wakaikata keki. Hatukuwaambia waikate. Wakati wanakula, msichana mmoja wa saluni, yule mwenye povu, akaja kwa Mwenye Ukumbi akimvuta kwa shati fundi baiskeli mmoja kijana.

"Mzee, ukumbi huu uko wazi lini? Na sisi tunataka kukaa hivi." Akatuonyesha kwa kidole. "Kama hawa wazee wameweza kupendeza, sisi itakuwaje?"

Neno "wazee" nililisikia, lakini nilikuwa nimebanwa.

Nyuma yake akaja mwingine na mchumba wake, naye anauliza hilo hilo. Mwenye Ukumbi akaanza kujipapasa mifuko kutafuta kalamu. Alipoipata akamwita Bwana Moshi.

"Kijana, vitu vyako vikubwa, sikatai. Lakini kwako watu walitoka mbio, na mimi nikiwa mmoja wao. Kwa huyu wameingia mbio. Mimi kazi yangu ni kukodisha viti, na viti vinataka watu wa kuvikalia." Akamgeukia Utepe. "Ukumbi ni wako mwaka mzima. Sharti ni moja: sitaki kuona gundi kwenye nguzo zangu."

"Situmii gundi, mzee," Utepe akasema. "Ni pini tu."

"Tumeona," nikasema mimi.

Akazitema pini zote, na kwa mara ya kwanza maishani hakufoka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Kunibandua kulichukua muda, kwa sababu hakukumbuka amebana wapi. Mgongo wa koti ulibaki kwenye kiti. Utepe akapanda juu ya ndoo akautangazia umati kwamba yalikuwa maonyesho tu. Hakuna aliyemsadiki. "Tumeshakula keki," dada yangu akasema, naye ndiye aliyekula kipande kikubwa, na watu wakaona hoja ile haina pingamizi.

Tangu siku ile Utepe ana mwaka uliojaa, na mkakati wake ni ule ule: anageuza ndoo. Watu wamemletea biashara za kila namna aziongeze, magari, suti, hata farasi. Anawajibu neno moja, "Hiyo ni pasi," wanaondoka wamechanganyikiwa. Bwana Moshi huitwa mara moja moja, wakipatikana maharusi wenye haya ya kupita kiasi wanaohitaji kufichwa kidogo, na mashine inasimamiwa na mama mwenye ndoo. Mteja wa Kifaranga naye alipatikana, bibi mmoja aliyeolewa kwa mara ya tatu. Alitaka ua moja na pongezi, nikazitoa mimi mwenyewe, akalia. Kwa hiyo vifurushi vyangu vilifanya kazi, msisikilize wanaosema vinginevyo.

Na mimi? Mimi nateseka. Sokoni hawaniuzii kitu bila kuniuliza mke wangu hajambo. Mama Keki ameona faida katika jambo hilo: ananituma sukari, ananibebesha magunia ya unga, watu wakipita anasema, "Muacheni amsaidie mke wake." Juzi akaniita nikamtengenezee feni. Nilimaliza mapema, maana feni yenyewe haikuwa na ubovu wowote niliouona, nikakaa kwenye kiti nipumzike. Naye akakaa kwenye kile cha pembeni, akageuza uso dirishani, akaanza kunisema kuhusu viatu vyangu. Mkoba ukatua mapajani mwangu. Nikaushika.

Nikasikia kitu kinakwaruza sakafu. Utepe alikuwa mlangoni, safu ya pini mdomoni, amegeuza ndoo ya unga, anakaa juu yake.

"Utepe," nikamwambia, "nenda kazini."

"Niko kazini, mjomba," akasema, polepole kabisa.